Mwenye Orodha Katika Hospitali ya Jeshi

Leo nimewaletea habari ya kazi isiyozungumzwa sana redioni, ingawa huenda wewe unayenisikiliza una mtoto, shemeji au binamu anayeifanya kule Marekani na hajapata nafasi ya kukueleza vizuri. Ni kazi ya kusimamia huduma za afya katika jeshi la akiba. Mtu ni raia wa kawaida. Jumatatu hadi Ijumaa yuko ofisini kwake katika hospitali ya mjini. Ikifika wikendi moja ya kila mwezi anavaa sare, anaripoti kikosini, na huko nako kazi yake ni hospitali. Hapasui mtu. Hachomi sindano. Anashika orodha, anashika ratiba, anashika funguo za stoo.

Tanzania tuna makatibu wa afya katika hospitali za serikali. Kenya utasikia msimamizi wa hospitali. Basi mchukue mtu wa aina hiyo, mvalishe sare, mpe cheo, mpe mahema badala ya jengo. Huyo ndiye ninayemzungumzia.

Sasa niwaulize. Ukisikia askari amejeruhiwa vitani na akapona, unamshukuru nani? Utasema daktari. Utasema muuguzi. Pengine utamkumbuka na rubani wa helikopta. Sawa, wote wanastahili. Lakini ni nani aliyejua kitanda kitupu kiko hospitali gani? Ni nani aliyehakikisha damu ya kuongezewa ipo, haijapitwa na wakati, na imekaa kwenye baridi inayotakiwa? Ni nani aliyeandika jina la majeruhi yule na kulifuata kutoka hema hadi ndege, na kutoka ndege hadi wadi, ili mama yake akipiga simu aambiwe mwanawe yuko wapi?

Tuchukue mfano wa shughuli ya harusi. Wapishi mahodari wapo, mchele umeletwa, mbuzi wamechinjwa. Lakini hakuna aliyehesabu wageni, hakuna anayejua sahani ziko kwa nani, na gari la kumfuata bibi harusi halina mafuta. Hapo upishi wote utasaidia nini? Harusini tutaaibika, tutacheka, yataisha. Hospitali ya vitani ikikosa mpangilio, watu wanakufa. Hilo ndilo jambo langu la leo, wasikilizaji, na nitalirudia: mwenye orodha naye anaokoa maisha.

Wala si maneno ya kumpamba mtu. Historia ina ushahidi. Twendeni Marekani, mwaka 1862, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa Agosti palipiganwa vita vikali Virginia, karibu na kijito kiitwacho Bull Run. Vita vilipokwisha, majeruhi walibaki wamelala uwanjani, wengine kwa siku kadhaa, juani na mvuani. Kwa nini? Madaktari walikuwepo. Magari ya kubebea wagonjwa yalikuwepo pia, yale ya kukokotwa na farasi, ingawa hayakutosha. Lakini hayakuwa chini ya mamlaka ya madaktari. Yalikuwa mali ya idara ya uchukuzi, na waendeshaji wengi walikuwa raia wa kuajiriwa, ambao risasi zilipoanza kulia walikimbia.

Mganga mkuu wa Jeshi la Potomac, jeshi kubwa la upande wa Kaskazini, wakati huo alikuwa Daktari Jonathan Letterman, aliyeshika kazi hiyo katikati ya mwaka uleule. Letterman alifanya nini? Hakugundua dawa mpya. Hakuleta upasuaji mpya. Wapasuaji wa zama zile hata habari ya vijidudu walikuwa hawajaikubali. Alichofanya ni kupanga. Magari ya wagonjwa akayatia chini ya idara ya tiba. Akachagua askari maalumu wa kubeba machela na kuwafundisha. Akaweka kituo cha huduma ya kwanza karibu na mapigano, hospitali ya uwanjani nyuma yake, na hospitali kubwa mbali zaidi, kila moja na kazi yake. Akaamua kila kikosi kipewe vifaa gani na kwa kiasi gani. Tarehe 17 Septemba 1862, kule Antietam katika jimbo la Maryland, wakapigana vita ambavyo mpaka leo vinahesabiwa kuwa siku moja iliyomwaga damu nyingi kuliko zote katika historia ya nchi ile. Safari hii majeruhi wa jeshi lake waliondolewa uwanjani katika muda wa siku moja hivi. Mwaka 1864 bunge la Marekani likaufanya mpango wa magari yale kuwa sheria.

Watu walewale, dawa zilezile, visu vilevile. Kilichobadilika ni mpango.

Na sisi tunao ushahidi wetu, tena mchungu zaidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipopigania ardhi yetu hii ya Afrika Mashariki, mizigo ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu wetu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu ya wapagazi hao. Walikufa kwa makumi ya maelfu. Na ukiuliza waliuawa na nini, jibu halitakuwa risasi. Wengi zaidi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Watu waliozoea wali au ndizi walipewa unga wa mahindi, tena mara nyingi bila muda wala vyombo vya kuupika ukaiva, na matumbo yakaharibika. Blanketi hazikutosha kwenye baridi ya nyanda za juu. Oscar Watkins, afisa wa utawala aliyepewa kusimamia wapagazi upande wa Waingereza, alihangaikia mambo yanayoonekana madogo: chakula kipikwe kiive, wapagazi wawe na hospitali zao, kila mtu awe na kitambulisho. Mengine yalifanyika, lakini yalichelewa. Na wengi majina yao hayakuandikwa sawasawa, kwa hiyo vita vilipokwisha mishahara ya marehemu ilibaki bila kuchukuliwa, kwa kuwa haikujulikana apewe nani. Hebu fikiria, msikilizaji. Mtu amekufa kazini, fedha yake ipo, watoto wake wapo, na kilichokosekana katikati ni jina kwenye daftari.

Ndiyo maana nasema, na narudia, mwenye orodha naye anaokoa maisha. Na pale asiposhika orodha vizuri, anaacha yatima bila haki yao.

Hata sheria ya vita inamtambua. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, katika kifungu cha 24, unapotaja watu ambao adui hana ruhusa kuwashambulia, hauishii kwa daktari na mbeba machela. Unawataja pia wale ambao kazi yao pekee ni kuendesha utawala wa vikosi na hospitali za tiba. Msimamizi huyo naye anavaa utepe uleule wa alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu mkononi. Silaha anaweza kuwa nayo, lakini ni ya kujilinda yeye na wagonjwa wake. Mimi kifungu hicho kinanigusa sana. Waliokiandika walikuwa wametoka katika vita vikubwa kuliko vyote, wakaona kwamba karani wa hospitali anastahili ulinzi uleule wa daktari.

Sasa tuje kwenye jeshi la akiba lenyewe. Linafanyaje kazi?

Huko Marekani jeshi la akiba la nchi kavu linahesabu kuzaliwa kwake tarehe 23 Aprili 1908. Na walioanza hawakuwa wapiga bunduki. Sheria ya siku hiyo iliunda akiba ya madaktari, raia waliokuwa na shughuli zao mijini, ambao wangeweza kuitwa vita vikitokea. Kwa hiyo jeshi zima hilo la akiba mizizi yake ni tiba. Wasimamizi walikuja baadaye. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani, jeshi likaona kwamba madaktari wanapoteza saa zao kwenye hesabu za stoo na usafi wa kambi, likaanzisha idara ya maofisa wasio madaktari wa kubeba mzigo huo. Mwaka 1947 kazi hiyo ikapewa idara ya kudumu ndani ya tiba ya jeshi, na idara hiyo iko mpaka leo.

Mpango wa muda wenyewe ni rahisi kuueleza: wikendi moja kwa mwezi, na wiki mbili hivi za mazoezi kwa mwaka. Wikendi ina vipindi vinne, na kila kipindi kina malipo ya msingi ya siku moja, kwa hiyo siku 2 zinalipwa kama siku 4. Anayeingia kama afisa huanza na cheo cha luteni usu, na mafunzo ya awali ya maofisa wa tiba hufanyika Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas. Anayetumikia miaka 20 inayokidhi masharti hupata pensheni, ambayo kwa kawaida huanza kulipwa akifika umri wa miaka 60. Upo pia mpango wa bima ya afya ambao askari wa akiba anaweza kujiunga nao yeye na familia yake kwa kuchangia.

Basi tumfuate mtu mmoja. Tuseme ni dada yetu mmoja, amezaliwa Kisii au Moshi, sasa ni ofisa katika hospitali ya mji fulani kule. Jumamosi asubuhi na mapema yuko kikosini. Kwanza wanahesabiwa. Kisha anafungua orodha yake. Nani hajafanyiwa uchunguzi wa afya wa mwaka? Nani meno yake yana tatizo ambalo likimshika akiwa mbali litakuwa balaa? Nani chanjo zake zimepitwa na wakati? Daktari gani leseni yake inakwisha muda mwezi ujao? Haya yanachosha, jamani, sikatai. Lakini siku kikosi kinapoitwa, daktari mwenye leseni iliyokwisha hatamgusa mgonjwa, na askari mwenye jino bovu hatapanda ndege. Ile Jumamosi ya makaratasi ndiyo inayoamua kama kikosi kitaondoka au kitabaki.

Mchana wanafanya zoezi. Wenzake wamelala chini, wamepakwa rangi nyekundu, kila mmoja ana kadi ya majeraha shingoni. Hapo utaona kazi yenyewe. Kuita helikopta ya majeruhi kuna ombi la redio lenye mistari 9, kwa utaratibu maalumu: mahali mlipo, masafa na jina lenu la redio, majeruhi wangapi na nani hawezi kusubiri, vifaa gani vya ziada vinahitajika, wangapi wa machela na wangapi wanatembea, kama adui yuko karibu, mtaweka alama gani ya kutua, majeruhi ni wa jeshi gani au ni raia, na ardhi ikoje. Ukikosea mstari mmoja, helikopta inakwenda bonde lisilo lenu, au inakuja na nafasi ya machela mawili wakati mnao majeruhi watano wa kulala. Dada yetu anakaa na karatasi yake, redio, na ubao wa vitanda. Anajua wadi ina nafasi ngapi. Anajua anayepona apelekwe wapi ili anayevuja damu apate mahali pa kulala.

Mwaka 2009 waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert Gates, aliagiza kwamba kule Afghanistan majeruhi mahututi wafikishwe kwenye matibabu ndani ya dakika 60. Watafiti walipopima baadaye, waliona kweli muda umepungua, na vifo vimepungua pia. Sifa zikaenda kwa marubani na wapasuaji, na ni haki yao. Ila dakika haipungui kwa ushujaa peke yake. Mtu alikaa na ramani, akahesabu helikopta, akahamisha timu za upasuaji zikawa karibu zaidi.

Na faida haiendi upande mmoja, hili nalo nataka mlisikie vizuri. Yule dada Jumatatu anarudi hospitali ya mjini. Yeye ndiye anayeuliza: basi la abiria likipinduka leo usiku tukaletewa majeruhi arobaini, tutawaweka wapi? Nani ataandika majina? Umeme ukikatika, orodha ya wagonjwa iko kwenye karatasi au imefungiwa ndani ya kompyuta? Na akirudi kikosini anabeba ya mjini: namna ya kusoma mkataba wa muuza dawa, namna ya kuzungumza na familia iliyojaa hasira bila kuipigia kelele. Jeshi halina muda wa kumfundisha kila mtu hayo. Linampata amekwisha kuiva.

Lakini upo ugumu, na huu ndio ninaoufikiria zaidi. Mtu wa akiba wa tiba anahesabiwa mara mbili. Hospitali ya mjini inamhesabu ni wake, na jeshi linamhesabu ni wake. Siku ya kawaida hakuna anayegundua. Shida kubwa ikiwafikia wote kwa pamoja, je?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 2020. Korona ilipolemea New York na miji mingine, jeshi la akiba la Marekani liliunda kwa haraka vikosi vya tiba zaidi ya kumi, kila kimoja kikiwa na watu 85: madaktari, wauguzi, wataalamu wa upumuaji na watu wa utawala. Lakini watoke wapi? Muuguzi wa akiba anayekaa Ohio, siku zake za kazi yuko wadini Ohio, na Ohio nako watu wanaumwa. Ukimpeleka New York umeziba tundu moja na kutoboa jingine. Ilibidi watafute waliokuwa na nafasi, ambao kuondoka kwao kusingeangusha hospitali za nyumbani. Na kazi ya kuwatafuta ilihitaji nini? Orodha. Nani anafanya kazi wapi, ya aina gani, na mwajiri wake ana hali gani. Taarifa hizo zisipokusanywa wakati wa amani, wakati wa dhiki ni bahati nasibu.

Mwajiri naye tusimsahau. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inamlinda mtu wa akiba: akiitwa, akirudi kwa masharti yaliyowekwa, nafasi yake ya kazi anaidai. Hata hivyo sheria hiyo haimlazimishi mwajiri binafsi kumlipa mshahara kwa siku ambazo hayupo. Na wale wenzake wa ofisini wanaobaki na zamu zake hawavai sare yoyote, lakini nao wanabeba sehemu ya mzigo. Mke au mume anayebaki na watoto wikendi ile, vilevile.

Sasa neno kwa vijana wetu walioko huko, kwa maana najua mnatusikiliza. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuandikishwa kama askari, na zipo kazi za kumbukumbu za wagonjwa na za ugavi wa dawa katika ngazi hiyo. Kuwa afisa, mara nyingi hutakiwa uwe raia. Sheria inawafungulia wanaotumikia kwa heshima njia fupi zaidi ya kuupata uraia huo. Zamani kidogo, kuanzia mwaka 2008, palikuwa na mpango maalumu wa kuwachukua wageni wenye taaluma za tiba au lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2016. Lakini fikiri kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mkenya, katiba ya mwaka 2010 inakuruhusu uraia wa nchi mbili. Mtanzania, kwa mtu mzima sheria yetu hairuhusu; ukila kiapo cha uraia wa kule, wa huku umeuacha. Hilo uliongee na wazazi wako kabla ya kulifanya, si baada.

Na mkataba wa kwanza ni wa miaka 8 kwa jumla, hata kama sehemu yake unakaa nyumbani kwenye daftari la wanaoweza kuitwa. Wikendi moja kwa mwezi ni maneno mazuri ya tangazo. Yasome na yale yanayofuata: unaweza kuitwa ukaondoka kwa miezi. Baada ya mwaka 2001 wengi waliitwa, wakaenda Iraki, Afghanistan, na hospitali ya jeshi ya Landstuhl kule Ujerumani, ambako majeruhi walikuwa wakipokelewa kutoka vita vyote hivyo viwili. Uliza kikosi kiko umbali gani na kwako, kwa kuwa nauli ya wikendi kwa kawaida ni yako. Uliza kazi utakayopewa, uione imeandikwa. Na jiulize kama dhamiri yako inakubali kutumikia jeshi hilo popote litakapokwenda. Swali hilo hakuna ofisa wa kuandikisha atakayekujibia.

Kabla sijamaliza, turudi nyumbani. Kenya ina sheria ya majeshi ya ulinzi ya mwaka 2012 inayotaja jeshi la akiba, pamoja na akiba ya kujitolea. Tanzania tuna mgambo kwa miaka mingi, na hospitali yetu kuu ya jeshi pale Lugalo inatibu raia pamoja na askari. Kwa hiyo wazo si geni kwetu. Tunachukua vijana, tunawafundisha gwaride na ulinzi. Vipi katibu wa afya wa hospitali ya mkoa? Vipi mtunza bohari wa dawa anayeweza kukwambia, bila kufungua kitabu, dripu zilizobaki zinatosha siku ngapi? Vipi yule mama wa masijala ambaye faili halimpotei? Mafuriko yanakuja kila mara, kipindupindu kinarudi, meli zimewahi kuzama, na kila mara tunakusanya watu hawa kwa kupigiana simu usiku.

Ningependa waziri mmoja, wa afya au wa ulinzi, aulize swali hilo mezani kwake: watu hao tunao wangapi, wako wapi, na nani anazo namba zao za simu? Ikiwa orodha ipo, nitafurahi sana kuambiwa, na nitaisema hapahapa. Nanyi wasikilizaji mliowahi kusimamia hospitali wakati wa mafuriko au mlipuko wa ugonjwa, tuandikieni mtueleze kilichokosekana siku ile ya kwanza. Barua zenu nitazisoma katika kipindi kijacho.